Taabu ya kuchagua na taabu ya kusukumiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu, kwa heshima zote, msomaji mwenzetu ambaye wiki chache zilizopita aliandika kuhusu ushindi wa Alphonce Simbu katika marathoni. Alifurahi kama tulivyofurahi sote tarehe 15 Septemba 2025, Mtanzania alipovuka mstari jijini Tokyo kwa saa 2:09:48 na kutupatia medali yetu ya kwanza ya dhahabu tangu mashindano ya dunia ya riadha yaanze mwaka 1983. Lakini furaha hiyo akaigeuza kuwa hoja ambayo siwezi kuiacha ipite. Aliandika kwamba zamani watoto walikwenda shule pekupeku kilomita 10, kwa njaa na kwa hofu ya kiboko, na ndiyo sababu tulipata wakimbiaji. Leo tumewapa viatu, uji na usafiri, nao wamelegea. Akashauri shule zirudishe ugumu ule, akafunga barua yake kwa kutukumbusha kwamba mvumilivu hula mbivu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Karatu. Kwa miaka 26 nimesimamia mbio za nyika na mbio ndefu za uwanjani katika shule mbalimbali nilizopangiwa, na mwenyewe nakimbia hadi leo, ingawa nimebakiza miaka michache kustaafu. Sitaki basi nieleweke kwamba nimekuja kutetea starehe. Naamini, na imani hii imenikaa miguuni kuliko kichwani, kwamba mtu ambaye hajawahi kujitwika jambo gumu kwa kupenda mwenyewe, akalibeba mpaka mwisho, hajaijua sehemu fulani ya nafsi yake. Ninachokipinga ni kuchanganya taabu ambayo mtu ameichagua na taabu ambayo amesukumiwa, kisha kuziita zote mbili kwa jina moja la uvumilivu, kana kwamba mzigo ni mzigo tu bila kujali nani kaunyanyua na nani katwishwa.

Asiyewahi kukimbia mbio ndefu hudhani taabu yake ni ya pumzi. Pumzi husumbua mwanzoni, halafu mwili huzoea. Taabu yenyewe huja baadaye, mwili unapokuwa umekwisha kutumia sehemu kubwa ya sukari iliyohifadhiwa katika misuli na ini, jambo ambalo kwa wakimbiaji wengi wa marathoni huanza kuonekana kwenye kilomita ya 30 hivi. Hapo miguu huwa kama imefungiwa mawe, mwendo uliokuwa mwepesi asubuhi hudai nguvu maradufu, na akili huanza kutafuta sababu za kusimama, nayo huzipata nyingi. Nilipokimbia marathoni ya Kilimanjaro, njia ilitutembeza kwanza kwenye barabara kuu iliyo tambarare, kisha ikatupandisha kuelekea Mweka, na katika kupanda kule nilijikuta nahesabu nguzo za umeme. Nilijiambia nifike ile iliyo mbele, ndipo niamue kama naendelea. Nilipoifikia niliamua kuifikia ya pili, na baada ya ile ya pili niliacha kujiuliza. Hakuna aliyenituma pale. Ningeweza kuketi chini ya mgomba wowote kando ya barabara na asiwepo mtu wa kunilaumu, na ni kwa sababu ningeweza kuketi ndiyo maana kutoketi kulinipa kitu ambacho bado ninacho.

Msomaji mwenzetu alimtaja John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni wa zamani, na alikuwa na haki ya kumtaja. Kila mwalimu wa michezo nchini anakijua kisa chake, ila wengi wetu tunakisimulia nusu. Marathoni ya Olimpiki ya Mexico City ilikimbiwa tarehe 20 Oktoba 1968, katika jiji lililo mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mwili usioizoea hutaabika mapema. Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alikazwa na misuli. Na karibu na kilomita ya 19, wakimbiaji wakigombea nafasi, alianguka akaumia goti na bega. Alifungwa bendeji akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, jua limekwisha kuzama na watazamaji wengi wamekwenda zao, akamaliza kwa 3:25:27, wa 57 na wa mwisho katika waliofika. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma kwenda kuzimaliza.

Nusu tunayoiacha ni hii. Miongoni mwa waliojitoa katika mbio zilezile alikuwamo Abebe Bikila wa Ethiopia, bingwa wa Olimpiki mara mbili, Roma mwaka 1960 na Tokyo mwaka 1964. Aliingia mbioni mguu ukiwa na jeraha, akasimama karibu na kilomita ya 17. Mtu huyu ndiye aliyeshinda Tokyo wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Nani basi atathubutu kusema hakujua kuvumilia? Watu wawili, barabara moja, siku moja: mmoja aliusikiliza mwili wake akasimama, mwingine akausikiliza wa kwake akaendelea, na hakuna aliyewaamulia. Tunasahau pia kwamba Akhwari hakuwa mtu aliyebahatika tu kuvaa jezi ya taifa. Alikuwa mkimbiaji wa kiwango cha juu, na mwaka 1970, katika mashindano ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alimaliza wa 5 kwa 2:15:05. Aliyekuwa akichechemea katika giza la Mexico alikuwa mtu mzima wa miaka 30 aliyejuana na mwili wake kwa miaka mingi ya mazoezi, na akajua, kwa namna ambayo hakuna kocha angeweza kuijua kwa niaba yake, kwamba ule mguu utamfikisha na kesho kutakuwako.

Najua nitaulizwa kuhusu Kipchoge Keino wa Kenya, ambaye katika Olimpiki hiyohiyo alikuwa na ugonjwa wa kibofu cha nyongo, akaanguka kwa maumivu katika mbio za mita 10,000, akashauriwa na madaktari asikimbie tena, naye akakimbia: akapata fedha katika mita 5,000 na dhahabu katika mita 1,500, dhahabu ambayo aliipata tarehe ileile 20 Oktoba. Sikatai. Nasema tu kwamba Keino alikuwa mtu mzima, ofisa wa polisi, aliyeambiwa wazi hatari iliyoko mbele yake, na uamuzi ulikuwa wake. Kumsifu kwa hilo ni halali. Kumpa mtoto wa kidato cha tatu mfano huo asubuhi ya mashindano, huku wewe ndiye mwenye filimbi mkononi, ni jambo lingine, na naandika haya kwa sababu mimi nilifanya hivyo.

Ilikuwa miaka mingi iliyopita, katika mchujo wa wilaya wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Jioni ya kuamkia mashindano niliwakusanya wanafunzi wangu nikawasimulia kisa cha Akhwari, kile cha nusu, nikawaambia kwamba kwetu hakuna anayeachia njiani. Asubuhi niliona kijana mmoja macho yake mekundu, amejikunyata juani ilhali wenzake wamekwisha kuvua masweta. Nilimwona. Sitajificha nyuma ya neno lolote hapa: nilimwona, nikamgusa bega, nikamwambia akaze. Hakuwa amekula kitu cha maana tangu mchana wa jana yake, na homa ilikuwa imempanda usiku bila yeye kumwambia mtu, kwa sababu nilikuwa nimemfunga mdomo kwa hadithi yangu. Mbio zilikuwa za mita 5,000, mizunguko 12 na nusu. Katika mzunguko wa 9 alianza kuyumba akitoka nje ya mstari na kurudi, na watu wakamshangilia, na mimi nikapiga kelele kumhimiza. Katika mzunguko wa 10 alianguka kifudifudi, na hakuinuka.

Alikuwa na malaria kali. Tulimpeleka kituo cha afya, akalazwa, akapona, namshukuru Mungu. Aliporudi shuleni alinifuata ofisini, akaniamkia, akasimama mlangoni mikono nyuma, akasema, “Mwalimu, naomba unisamehe, sikumaliza.” Nilimwomba msamaha mimi, lakini niliona wazi kwamba hakunielewa, alidhani namfariji. Hakukimbia tena. Kila nikisoma mahali kwamba watoto wetu hawana uvumilivu namkumbuka yule aliyekuwa nao kupita kiasi kwa sababu alikuwa ananiogopa.

Taabu ile haikumfunza kitu. Haikumjenga mwili wala tabia, ilimwondolea tu jambo alilolipenda. Na hili lina sababu yake hata katika namna mwili unavyofanya kazi. Mazoezi yenyewe hayamwongezei mkimbiaji nguvu. Yanamchosha na kuichana misuli yake kidogokidogo, na nguvu huja baadaye, wakati wa kula na kulala, mwili unapojikarabati na kujiandaa kwa kazi ya namna ileile. Ukimnyima chakula na usingizi umempa uchovu bila malipo yake. Ndiyo maana mkimbiaji aliyefundishwa vizuri hujifunza kutofautisha maumivu na maumivu. Yale yaliyoenea kwenye mapaja yote mawili, ya kuwaka na kuchosha, huyo ni mgeni wa kawaida na unaweza kuendelea naye. Yaliyojikusanya mahali pamoja juu ya mfupa, yanayozidi kila hatua, huenda ni mfupa unaoanza kupata ufa. Homa ni amri ya kukaa chini. Msichana anayechoka bila sababu, ambaye wiki tatu mfululizo anashindwa mwendo aliouweza mwezi uliopita, hahitaji kuhimizwa, anahitaji kupimwa damu. Maarifa haya hayapatikani kwa viboko, maana mtoto anayeogopa kiboko jambo la kwanza analojifunza ni kuficha.

Niruhusu, Mhariri, nimlete mama yangu katika hoja hii, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifumbua macho kabla sijaanza hata kufundisha, ingawa nilichelewa kuelewa. Mama alibeba maji kichwani kutoka bondeni kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Alfajiri ndoo moja, jioni ndoo ya pili, masika kwenye utelezi na kiangazi kwenye vumbi, akiwa mjamzito na akiwa na mtoto mgongoni. Kama taabu peke yake ingekuwa mwalimu, mama angekuwa profesa. Lakini katika miaka yote hiyo sikumsikia hata mara moja akijivunia maji yale. Siku bomba lilipofika kijijini alilifungua na kulifunga mara kadhaa, akanawa uso, akasema wangelileta mapema shingo yake isingekuwa inamuuma.

Taabu aliyoisimulia kwa fahari hadi uzee wake ilikuwa nyingine kabisa. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata madarasa yakafunguliwa vijijini, jioni, kwa watu ambao hawakuwahi kushika kalamu. Mama alijiandikisha. Alikwenda baada ya jembe, baada ya maji na baada ya kupika, akaketi kwenye dawati lililotengenezwa kwa mtoto, mimi nikiwa mgongoni mwake, akifinyanga herufi kwa vidole vilivyozoea mpini. Baadhi ya majirani walimcheka, na kulikuwa na usiku ambao alisinzia juu ya daftari. Hakuna aliyemlazimisha, na angeacha wakati wowote watu wangesema ana haki, kazi za nyumbani zimemzidi. Alisoma mpaka akaweza kuandika barua kwa mkono wake, na barua ya kwanza aliiandika kwa ndugu yake aliyekuwa mbali, mistari minne, akaeleza habari hiyo kwa wajukuu zake kama mtu anayeeleza safari ya Makka.

Kwa hesabu ya jasho, maji yalimchosha zaidi kuliko kalamu. Hata hivyo kalamu ndiyo iliyobaki kuwa yake. Wazee wetu walilijua jambo hili walipotuachia usemi kwamba hiari yashinda utumwa, nami naona msomaji mwenzetu angeufikiria usemi huo pamoja na ule alioufungia barua yake. Na yule anayeambiwa ainame kufuata cha mvunguni, methali imemwita kwanza mtaka: kutaka kumetangulia, kuinama kumefuata. Methali haikusema tuwashike watu shingo tuwainamishe, kisha tutafute kama mvunguni kuna kitu.

Sasa nirudi kwenye pekupeku, maana hoja hiyo naisikia mara nyingi hata kwa walimu wenzangu. Ni kweli Bikila alishinda Roma bila viatu, kwa 2:15:16. Alikimbia hivyo kwa kuwa viatu alivyopata havikumkaa sawasawa na miguu yake ilikwisha kuzoea njia bila viatu. Lakini miaka minne baadaye kule Tokyo alivaa viatu, na akashinda kwa 2:12:11. Viatu havikumlegeza. Filbert Bayi, mtoto wa wilaya hii ninayofundisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974 kwa 3:32.16, hakuiweka kwa kuwa alikuwa na njaa siku ile. Aliiweka kwa kuongoza tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo ni taabu kubwa katika mbio za namna ile, kwa kuwa anayeongoza huukata upepo peke yake na hajui nani yuko nyuma yake kwa umbali gani. Na aliichagua taabu hiyo mwenyewe, huku wengi wakiamini kwamba busara ni kungoja nyuma na kuchomoka mwishoni. Tukubali pia jambo moja la kusikitisha: maelfu kwa maelfu ya watoto wa nchi hii walikwenda shule pekupeku na kwa njaa. Kama hayo ndiyo yaliyozaa mabingwa, mabingwa wangetushinda kuhesabu. Ukweli ni kwamba waliotokea walitokea licha ya njaa ile, na hatutajua kamwe ni wangapi iliwazima kabla hatujawaona.

Hata Simbu mwenyewe, ukimtazama vizuri, hatufundishi kile ambacho barua ile ilidai. Mwaka 2016 alimaliza wa 5 katika Olimpiki ya Rio. Mwaka 2017 alipata shaba katika mashindano ya dunia kule London. Kisha ikaja miaka minane ya kukaribia na kukosa: wa 7 katika Olimpiki ya Tokyo iliyokimbiwa mwaka 2021, wa 17 Paris mwaka 2024, wa pili Boston Aprili 2025. Kule Tokyo, Septemba 2025, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda uleule, na ikabidi picha ya mstari wa mwisho itenganishe mabega yao kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Ninachokiona mimi katika orodha hiyo ni mtu aliyerudi mazoezini tena na tena katika umri ambao angeweza kusema kwamba shaba inatosha. Kurudi kule hakulazimishwi. Unaweza kumlazimisha mtu akimbie leo, na labda kesho, lakini huwezi kumlazimisha aamke kabla ya jua kwa miaka minane kutafuta kitu ambacho hana hakika atakipata.

Kuna mahali hapahapa kaskazini ambapo taabu hizi mbili hupanda njia moja, kila siku ya msimu. Mlima Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895. Mgeni anayepanda hupata baridi, kichwa humuuma kwa ukosefu wa hewa, chakula humkataa, na usiku wa kuelekea kileleni huulizana na nafsi yake kwa nini alitoka nyumbani kwake. Simdharau hata kidogo. Ameichagua taabu hiyo, amejiandaa, na akishuka atakuwa amepata kitu. Lakini pembeni yake, hatua kwa hatua, anapanda kijana anayebeba mahema na vyakula, mmoja wa wale wanaoitwa wagumu. Sheria za hifadhi zinataka mzigo anaobeba kwa ajili ya wageni usizidi kilo 20. Hewa ni ileile na baridi ni ileile. Mgeni akizidiwa hugeuka akarudi, na marafiki zake humsifu kwa busara. Mgumu akizidiwa anahesabu kwanza ujira wa siku, ada ya shule ya mdogo wake na kama msimu ujao ataitwa tena. Wapo wagumu wanaoupenda mlima na kuufanya kuwa njia ya kufikia uongozi wa wageni, nao nawaheshimu kama ninavyomheshimu mkimbiaji yeyote. Ila yule ambaye hakuwa na njia nyingine, tukimwita shujaa wa uvumilivu badala ya kumwuliza kama ana koti na buti za kufaa na kama amelipwa, tutakuwa tumemgeuza nguo ya kufunikia aibu yetu.

Nafahamu kwamba mpaka kati ya taabu hizi mbili si mstari wa chokaa kama ule wa uwanjani. Wakimbiaji wetu wengi, na wa majirani zetu Kenya vilevile, walianza kukimbia kwa kuwa waliona mbio zinaweza kuwajengea wazazi wao nyumba. Je, huyo amechagua au amesukumwa na umaskini? Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu, na kipimo nilichokipata, ambacho sidai ni kamili, ni kuuliza kama mtu huyo anaweza kusema “leo hapana” na bado akala usiku huo, akabaki na heshima mbele ya kocha wake na wenzake, na kesho akapokewa. Akiweza, basi taabu yake ni yake, hata kama sababu iliyomwingiza ni ufukara. Asipoweza, kazi yetu kwake inaanza na kumwezesha kusema hapana, na mahubiri juu ya uvumilivu yangoje.

Kwa sababu hiyo, mambo ninayoyafanya sasa na wanafunzi wangu ni machache na ya kawaida. Kabla ya mazoezi kila mmoja anapita mbele yangu na kunieleza amelalaje na amekula nini, na anayesema hajisikii vizuri anakwenda kukaa bila kuulizwa swali la pili. Mwanzoni nilidhani wavivu watajificha katika ruhusa hiyo. Wapo waliojaribu, wakakaa siku mbili tatu wakiwatazama wenzao, kisha ama wakarudi wenyewe ama wakaenda kwenye kwaya na mpira, na hilo nalo si baya. Jumapili hatukimbii. Uji tunaupika kwa unga ambao wazazi wamekubali kuchangia, nao hunywewa kabla ya masomo, usiwe zawadi ya aliyeshinda. Kisa cha Akhwari bado nakisimulia, chote, pamoja na Bikila aliyesimama.

Mazoezi yenyewe hayajawa mepesi. Nyuma ya shule kuna mpando mkali wa udongo mwekundu, na kila Jumatano tunaukimbia mara 8, kupanda kwa kasi na kushuka kwa mwendo wa pole. Mara ya sita ndiyo mbaya kuliko zote, maana umechoka na bado mwisho hauonekani. Wiki iliyopita, baada ya mara ya nane, wenzake wakiwa wamelala chali kwenye nyasi, msichana mmoja wa kidato cha pili alikuja kwangu akihema, mikono kiunoni, magoti yamejaa vumbi, akaniuliza kama anaruhusiwa kupanda mara moja zaidi. Nilimwuliza kama kuna mahali panapouma. Akafikiri, akajibu, “Hapana, Mwalimu, nimechoka tu.” Nikamwambia aende. Nilisimama chini nikimtazama akipanda peke yake, na filimbi niliiacha mfukoni.

Namkaribisha msomaji mwenzetu, kama atapata nafasi ya kufika Karatu, aje Jumatano yoyote saa kumi jioni. Aje na viatu vya kukimbilia, na kama anavyo vya ziada vya watoto, vilivyotumika lakini bado vizima, tutavipokea kwa shukrani kubwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa sekondari,
Karatu